Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Lugha ya Elimu

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na chenye kitivo kimoja tu, cha Sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Tarehe 1 Julai 1970 kikajitegemea. Mwaka huohuo ilianzishwa Idara ya Kiswahili, iliyofundisha Kiswahili kwa Kiswahili.

Masomo mengine yalibaki katika Kiingereza. Kijana wa Katumba Songwe, wilayani Kyela, aliyelelewa kwa Kinyakyusa, hufika Mlimani kwa daraja la lugha tatu. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili hatua ni fupi: *umundu* na *abandu* ni ndugu wa *mtu* na *watu*. Hatua ya tatu ndiyo ndefu, nayo huchukua nguvu ambazo zingetumika kutafakari somo lenyewe. Hivyo Idara hiyo ilithibitisha kwa vitendo kwamba taaluma ya chuo kikuu inawezekana kwa Kiswahili. Kilichobaki ni uamuzi.