Kivuko Kisichotegemeka Huhatarisha Roho za Watu

Kwa wakazi wengi wa mwambao na wa visiwa vya maziwa yetu, kivuko si chombo cha matembezi bali ndiyo barabara yao. Mwanafunzi aendaye shule, mama mjamzito aendaye kliniki, mchuuzi wa samaki na jamaa wanaowahi maziko, wote hukutana katika gati moja. Chombo kikichelewa saa moja, nyumba nyingi huchelewa pamoja nacho: mtoto hukuta mlango wa darasa umefungwa, na kibarua hukuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine.

Hata hivyo, ndugu msomaji, madhara ya kuchelewa hayaishii kwenye kero. Mtu mwenye hakika kwamba chombo kingine kitafika baada ya dakika 15 hukubali kusubiri. Asiyejua kama kitafika jioni au hakitafika kabisa hujipenyeza hata pasipo na pa kukanyaga. Kwa njia hiyo, ratiba isiyoaminika huzaa msongamano, na msongamano huzaa msiba.

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kikiwa kimekaribia gati. Kiliidhinishwa kubeba abiria 101, lakini waliofariki peke yao walikuwa 228. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa na mizigo yao, na kila mmoja alitaka kulala kwake. Kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walipoteza maisha katika kivuko cha Mtongwe, Mombasa. Na Septemba 2011, siku chache baada ya Idd el-Fitr, meli ya MV Spice Islander I, ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Siku ya gulio hujulikana, na msimu wa sikukuu hujulikana pia. Umati wa siku hizo si jambo la ghafla. Huweza kupangiwa vyombo mapema.

Tutazame hesabu ya Magogoni na Kigamboni, jijini Dar es Salaam. MV Magogoni kiliundwa kubeba abiria 2,000, ilhali MV Kigamboni na MV Kazi hubeba abiria 800 kila kimoja. Jumla ni abiria 3,600 kwa mkupuo. Kinapoondoka MV Magogoni pekee, zaidi ya nusu ya uwezo wote huondoka nacho. Mwaka 2023 kivuko hicho kilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa, na kikakaa huko muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, limewapunguzia shida wenye magari. Lakini mwenda kwa miguu ambaye kazi yake ipo Kariakoo au Posta bado hutegemea pantoni.

Kukipeleka chombo matengenezo si kosa. Maji ya chumvi hula chuma. Viumbe vya baharini huganda kwenye tumbo la chombo na kukifanya kizito. Injini inayowashwa na kuzimwa tangu alfajiri hadi usiku huchakaa upesi. Sharti kipandishwe chelezoni kwa wakati, tumbo lisuguliwe na kupakwa rangi, rafadha na milango ya kupakilia magari vikaguliwe. Kosa ni kungoja mpaka kiharibike ndipo vipuri viagizwe na fedha zianze kutafutwa. Matengenezo yaliyopangwa huchukua siku zinazojulikana. Yale ya dharura hayana mwisho unaojulikana, na gharama yake ni kubwa zaidi.

Basi penye vyombo vitatu vinavyohitajika kila siku, hesabu ya kweli ni vinne, ili kimoja kipumzike bila wananchi kuumia. Huduma hiyo huhitaji pia akiba ya vipuri, mafundi na mabaharia wa kutosha kupokezana zamu, pamoja na nahodha aliyepewa nguvu ya kukataa kung'oa nanga chombo kikijaa. Nauli inayokusanywa gatini ni amana ya wasafiri. Haki yake ni kurudi kwenye chombo kwanza, kabla ya matumizi mengine.

Familia nazo zina wajibu. Tuwafundishe watoto kutorukia chombo kabla hakijafunga kamba. Tusikasirike karani anapofunga geti kwa kuwa idadi imetimia. Yule anayetuzuia anatulinda. Katika safari ndefu za bahari na ziwa, kila mtu, hata mtoto mchanga, aandikwe kwenye orodha ya abiria, kwani baada ya ajali zetu zimekuwapo familia zisizoweza hata kuthibitisha kwamba mtu wao alikuwamo. Tujue majaketi ya kuokolea maisha yalipo kabla chombo hakijaondoka. Na tukiona msongamano wa kutisha, tushuke na kumfahamisha mhusika.

Kwa wenye mamlaka, tunachoomba hakizidi uwezo wao. Ratiba ya chelezo itangazwe mapema, ionekane gatini. Chombo mbadala kiwepo kabla kile cha kawaida hakijaondolewa. Siku za magulio na sikukuu ziongezewe safari. Kila baada ya msiba, tume zimeundwa na rambirambi zimetolewa. Lakini mama wa Ukara anayevuka kwenda sokoni anahitaji jambo dogo zaidi, nalo ni hakika kwamba akikosa kivuko hiki, kingine kinakuja.