Mercy Mumbua: Huruma na Mvua Katika Jina Moja

Msomaji, simama jioni karibu na lango la shule mojawapo mjini Machakos, watoto wanapotoka, kisha uite "Mercy!" Usishangae wakigeuka wasichana wanne kwa mpigo. Waulize jina la pili, ndipo watakapoachana: huyu Mumbua, yule Mwende, wa tatu Mutheu, wa nne Mueni.

Mercy ni neno la Kiingereza lenye maana ya huruma. Wenzetu wa pwani wanalo jina la maana hiyo tangu zamani, nao humwita binti Rehema. Huko Uingereza lilipendwa na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa karne za 16 na 17, ambao waliwapa mabinti majina ya sifa njema: Faith, Patience, Charity, Mercy. Baadaye utukufu huo ulipungua. Katika miaka ya 1840 Charles Dickens alilifanyia mzaha katika riwaya yake Martin Chuzzlewit, akawaita Charity na Mercy mabinti wawili wa mnafiki Pecksniff.

Ukambani majina ya namna hiyo yaliingia pamoja na ubatizo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi yao Nzaui mwaka 1895, na aliyebatizwa alijipatia jina jipya. Wako waliochukua majina ya wanawake wa Biblia, kama Ruth na Rebeka. Wengine walichukua neno tu la dini, na Mercy ni mojawapo.

Je, jina la Kikamba lilikuwa halina maana hata lihitaji kusaidiwa? Hasha! Mumbua latokana na mbua, yaani mvua. Ndiye binti aliyezaliwa mvua ikinyesha, na ndugu yake wa kiume ni Wambua. Nduku alizaliwa usiku. Wayua alizaliwa wakati wa njaa, na katika nchi hii njaa haisahauliki, maana kila moja ilipewa jina lake. Ile ya mwisho wa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, nafa ilhali ninazo mkononi: fedha zilikuwapo, chakula cha kununua hakikuwapo. Katika nchi ya namna hiyo, kumwita mtoto Mvua ni kumshukuru Mungu.

Mwanachuoni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki mwaka 2019, aliandika kwamba kwa desturi ya Akamba mtoto hupewa jina siku ya tatu, na siku inayofuata baba humvika ushanga. Kabla ya hapo alihesabiwa bado ni wa mizimu. Jina ndilo lililomtia katika jamaa ya watu.

Tena jina hurithiwa. Binti wa kwanza kwa kawaida huitwa kwa jina la nyanya yake mzaa baba. Kwa hiyo Mumbua wa leo huenda alizaliwa Agosti, vumbi likitimka. Mvua iliyo katika jina lake ni ile iliyonyesha siku alipozaliwa nyanya yake, au nyanya wa nyanya yake.

Na hapa pana jambo la kupendeza. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Portia anasimama mahakamani na kuifananisha huruma na mvua. Wazazi wa Machakos wanaomwita binti yao Mercy Mumbua wameunganisha mambo hayo mawili, pengine pasipo kujua.

Basi hakuna haja ya kulifukuza jina la Mercy. Ubaya ni pale linapolimeza lile la pili. Katika daftari la darasa huandikwa "Mercy M.", na herufi hiyo moja yaweza kuwa Mumbua wa mvua, Mwende apendwaye, Mutheu aliye safi, au Mueni, yaani mgeni. Wote wanne wamekuwa mtu mmoja, na nyanya wanne wamesahauliwa.

Ukikutana na Mercy mjini Machakos, muulize ile M ni ya nani. Na wewe Mercy, kama hujui jibu, nenda ukamwulize nyanya yako angali hai. Yeye ndiye aliyeiona mvua.