Uteuzi wa masomo: Uamuzi wa mapema unaofungua au kufunga milango ya chuo

KILA matokeo ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, KCSE, yanapotangazwa, hakosekani kijana anayeshangilia asubuhi na kusononeka jioni. Amepata wastani wa C+ ama hata B. Jamaa wa karibu na wa mbali wamepiga simu kumpongeza. Lakini anapofungua tovuti ya KUCCPS, shirika linalosimamia uteuzi wa wanafunzi wanaojiunga na vyuo, anagundua kwamba kozi aliyoiota tangu utotoni haimo miongoni mwa zile anazoruhusiwa kuomba.

Kosa haliko katika gredi yake. Liko katika uamuzi alioufanya miaka miwili awali, alipotoka kidato cha pili na kuingia cha tatu. Wakati huo aliliacha somo fulani kwa sababu mwalimu wake alikuwa mkali, au kwa kuwa marafiki zake nao waliliacha. Aghalabu somo hilo huwa Fizikia. Majuto ni mjukuu, na majuto ya aina hii humfikia mwenyewe wakati karatasi ya mwisho imekwisha kukusanywa.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa nchi imo baina ya mifumo miwili ya elimu. Kundi la mwisho la 8-4-4, lililojiunga na kidato cha kwanza mwaka wa 2024, limepangiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Wakati uo huo, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa tayari wamechagua mkondo wa masomo walipokuwa Gredi ya 9. Yaani uamuzi ambao kaka na dada zao waliufanya katika kidato cha pili, wao waliufanya kabla hata ya kukanyaga shule ya upili.

Ili kuepuka majuto, mzazi na mwanafunzi hawana budi kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni masharti ya kufanya mtihani. La pili ni jinsi gredi ya wastani inavyokokotolewa. La tatu ni mahitaji ya kozi yenyewe. Mwanafunzi anaweza kutimiza la kwanza na la pili kikamilifu, kisha akakwama katika la tatu.

Masharti ya mtihani

Katika KCSE, masomo yamegawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza lina Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, ambayo ni ya lazima kwa watahiniwa. La pili ni la sayansi: Biolojia, Kemia na Fizikia. La tatu lina Historia na Serikali, Jiografia na masomo ya dini. La nne ni la masomo ya kiufundi na matumizi kama vile Kilimo, Sayansi Kimu, Kompyuta, Sanaa, Useremala na Umeme. La tano lina Biashara, Muziki na lugha za kigeni kama Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu.

Mtahiniwa hufanya masomo yasiyopungua saba. Shule nyingi husajili wanafunzi wao kwa masomo manane, ili lile la nane liwe akiba endapo jingine litaharibika. Hapo ndipo kuchagua sayansi mbili au zote tatu kulipokuwa njia panda. Kemia hufanywa na idadi kubwa mno ya watahiniwa, ilhali Fizikia hufanywa na sehemu ndogo zaidi. Katika shule zisizo na maabara ya kutosha wala mwalimu wa somo hilo, wanafunzi wengi hawakuwa na la kuchagua. Waliliacha somo kabla ya kulionja vyema.

Jinsi wastani unavyopatikana

Kila gredi ina pointi zake, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Pointi za masomo saba hujumlishwa, na jumla ya juu kabisa ni 84. Ili kupata C+, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kujiunga na chuo kikuu kwa shahada, mtahiniwa huhitaji pointi zisizopungua 46.

Kabla ya mwaka wa 2023, masomo saba yaliyohesabiwa yalikuwa Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, sayansi mbili, somo moja la kundi la tatu, na jingine moja lolote. Kuanzia KCSE ya 2023, utaratibu ulilegezwa kufuatia mapendekezo ya jopokazi la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi, pamoja na masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri kuliko yote.

Mfano utafafanua tofauti hiyo. Tuseme mwanafunzi amepata B+ katika Kiswahili, C katika Kiingereza, D katika Hisabati, C katika Biolojia, D katika Kemia, B- katika Historia, B katika somo la dini na C+ katika Biashara.

Kwa utaratibu wa zamani, pointi zake zingekuwa 10 za Kiswahili, 6 za Kiingereza, 3 za Hisabati, 6 za Biolojia, 3 za Kemia, 9 za dini na 8 za Historia. Jumla ni 45, sawa na gredi ya C. Pointi moja tu ingemzuia kuingia chuo kikuu.

Kwa utaratibu mpya, huhesabiwa 3 za Hisabati na 10 za Kiswahili, kisha dini 9, Historia 8, Biashara 7, Kiingereza 6 na Biolojia 6. Kemia huachwa nje. Jumla huwa 49, sawa na C+. Mwanafunzi yule yule, kwa karatasi zile zile, amevuka kizingiti.

Mahitaji ya kozi

Hata hivyo, hapa ndipo wengi hujidanganya. Kuvuka kizingiti cha chuo kikuu hakumaanishi kuwa kila mlango ndani ya chuo hicho uko wazi. Somo ambalo halikuhesabiwa katika wastani laweza kuwa ndilo linalodaiwa na kozi.

Mwanafunzi wa mfano wetu, mathalani, hawezi kusomea uhandisi. Kozi hiyo huhitaji Hisabati, Fizikia na Kemia. Yeye ana D katika mbili na ya tatu hakuifanya. Shahada ya uuguzi nayo hutegemea Biolojia na Kemia, sawa na udaktari na ufamasia. D ya Kemia iliyoachwa nje ya wastani ingali kwenye cheti chake, na chuo kitaiona.

Lakini milango mingine i wazi kabisa. Kwa anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya upili kwa shahada, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, huhitaji wastani wa C+ na angalau C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mwanafunzi huyu ana B+ ya Kiswahili na B- ya Historia, hivyo anatimiza sharti hilo. Aidha, shahada ya sheria imekuwa ikihitaji wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Kwa B+ yake ya Kiswahili, kijana aliyeonekana kushindwa na sayansi aweza kuomba nafasi ya kusomea uwakili. Wanaokidharau Kiswahili na kukiona kuwa somo la kujazia nafasi wangefaa kulizingatia jambo hili.

Juu ya mahitaji hayo ya chini kuna ushindani. KUCCPS huzipanga kozi katika makundi, na kila kundi huwa na masomo manne yanayolihusu, yenye jumla ya juu ya pointi 48. Nguvu ya mwombaji hupimwa kwa masomo hayo manne pamoja na matokeo yake ya jumla. Ndiyo sababu wanafunzi wawili wenye B moja hukabidhiwa kozi tofauti: mmoja amezikusanya pointi zake katika masomo ambayo kozi inayataka, mwenzake amezitawanya kwingineko.

Mikondo ya shule ya upili

Katika mtaala mpya, makundi matano yameipisha mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaofahamika kama STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na somo la huduma kwa jamii. Kisha huongeza masomo matatu ya kuchagua kulingana na mkondo wake.

Hisabati nusura iachwe kuwa ya hiari kwa wasio wa STEM. Baada ya malalamiko ya wananchi, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza mwaka wa 2025 kwamba itakuwa ya lazima kwa wote, ila kwa viwango viwili: Hisabati ya kina kwa walio katika STEM, na Hisabati ya msingi kwa mikondo mingine miwili.

Mtego wa zamani haujatoweka. Umebadilika sura tu. Mzazi anayesikia mwanawe yuko STEM hudhani kuwa udaktari umehifadhiwa. Lakini ndani ya STEM mna sayansi halisi, sayansi tumizi na masomo ya kiufundi. Aliyechagua Fizikia, Kompyuta na Kilimo yuko STEM sawasawa na aliyechagua Biolojia, Kemia na Fizikia, ilhali wa kwanza hana msingi wa Biolojia wala Kemia ambao taaluma za afya husimama juu yake. Kwa sababu masomo ya kuchagua ni matatu pekee, hakuna somo la akiba la kurekebishia kosa.

Jambo jingine ni shule yenyewe. Si kila shule inayofundisha mikondo yote mitatu. Hata penye mkondo, si kila mchanganuo wa masomo unaopatikana. Jina kubwa la shule halina faida kwa mtoto anayetaka muziki ikiwa shule hiyo haina mwalimu wala ala za muziki.

Kupanga kwa kuanzia mwisho

Njia salama ni kupanga kwa kurudi nyuma. Mwanafunzi aanze na kazi anazozipenda, zisizopungua mbili au tatu, kwa maana mapenzi ya umri wa miaka 14 hubadilika. Kisha atazame kozi zinazoelekea kwenye kazi hizo, na masomo yanayohitajika katika kila kozi. Masomo yanayojitokeza katika orodha zaidi ya moja ndiyo ya kushikwa kwa mikono miwili. Hisabati, lugha na Kemia hujitokeza mara nyingi.

Mwanafunzi pia achunguze anachokiweza kwa ushahidi wa alama zake za muda mrefu, wala si mtihani mmoja ulioharibika. Alama duni katika somo ambalo mwalimu alikosekana muhula mzima hazithibitishi kuwa mtoto hana kipaji. Vile vile, alama nzuri pekee si sababu ya kulichukua somo ikiwa halimwelekezi popote anapotaka kwenda.

Wazazi nao wana wajibu wa kuuliza maswali shuleni. Je, somo hili lina mwalimu wa kudumu? Je, maabara inatumika, au hufunguliwa siku ya mtihani tu? Je, mtoto anashauriwa kuacha somo kwa manufaa yake, ama kwa manufaa ya wastani wa shule? Maswali hayo hayana utovu wa adabu. Mwenye kubeba matokeo maishani ni mwanafunzi, wala si shule.

Kwa watahiniwa wa KCSE, hatua muhimu ni kuhakikisha kwamba jina, masomo na nambari zake za usajili ni sahihi kabla ya muda wa usajili kufungwa. Kwa wale wa Gredi ya 10, anayehisi amekosea mchanganuo aseme mapema. Kila muhula unaopita huongeza rundo la mada atakazolazimika kufidia peke yake.

Aliyekwisha kukosea naye asikate tamaa. Vyuo vya kiufundi hupokea wenye C- kwa diploma na D kwa cheti, na ipo ngazi ya ufundi kwa walio chini ya hapo. Anayeanza na cheti aweza kupanda hadi diploma, kisha shahada, japo kwa miaka mingi zaidi na karo zaidi. Wengine hurudia KCSE kama watahiniwa wa kibinafsi. Lakini njia hizo za mzunguko hugharimu pesa ambazo familia nyingi hazina. Jioni moja ya mazungumzo baina ya mzazi, mwanafunzi na mwalimu, kabla fomu ya uteuzi haijajazwa, haigharimu chochote.