Kubana Uwanja Mzima: Hesabu ya Muda na Pumzi katika Mpira wa Kikapu

Uwanja wa mpira wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, yaani eneo la mita za mraba 420. Eneo hilo likigawanywa kwa wachezaji watano wa timu moja, kila mmoja hupata mita za mraba 84, ambazo ni zaidi ya ukubwa wa darasa la kawaida la shule. Hakuna binadamu awezaye kulinda eneo kama hilo peke yake dhidi ya mpira unaokwenda kwa kasi ya mita 10 au 15 kwa sekunde. Hata hivyo zipo timu, na aghalabu ni zile zisizojaliwa wachezaji warefu, ambazo haziwangojei wapinzani karibu na kikapu. Huwavamia tangu mpira unapoingizwa uwanjani, na kuwabana huko huko kwao. Kwa hesabu ya eneo mtindo huu hauwezekani. Siri yake imo katika hesabu ya muda.

Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, humpa mchezaji sekunde 5 za kuingiza mpira, na huipa timu yake sekunde 8 za kuuvusha mstari wa katikati. Kabla ya mwaka 2000 muda huo wa kuvuka ulikuwa sekunde 10, na katika mashindano ya vyuo vya Marekani ungali sekunde 10 hadi leo. Sekunde mbili zaweza kuonekana kuwa jambo dogo, lakini ni moja ya tano ya muda wote, na aliyenyang'anywa moja ya tano ya muda wake hulazimika kuamua kabla hajaona vizuri. Kadhalika, mistari ya uwanja nayo ni walinzi. Mchezaji aliyeuvuka mstari wa katikati hawezi kuurudisha mpira nyuma. Na akisukumwa hadi kwenye pembe ambapo mstari huo unakutana na mstari wa pembeni, huwa amezingirwa na watu wawili pamoja na mistari miwili. Mistari haichoki, wala haifanyi madhambi.

Hapo katika pembe ndipo mtego unapowekwa. Walinzi wawili humfunga mwenye mpira, magoti yao yakikaribiana ili asipenye kati yao, mikono yao ikiwa juu. Mtazamaji mgeni hudhani kuwa wanataka kumpokonya mpira. Mwalimu stadi huwakataza wasiuguse, kwa sababu anayekurupuka kuunyakua hupiga mkono, na mchezaji akifikisha madhambi matano hutolewa nje. Kazi yao ni moja tu: kuhakikisha kwamba mpira ukitoka, unatoka kwa kupanda juu.

Faida ya mpira kupanda juu yaweza kukokotolewa kwa fizikia ya shule ya sekondari. Pasi iliyonyooka, yenye kasi ya mita 15 kwa sekunde, hufika umbali wa mita 9 kwa sekunde 0.6. Pasi iliyolazimika kupanda mita moja na nusu juu ya mkono wa mrushaji ili ipite juu ya walinzi, kisha ikashuka kwa mvutano wa dunia, huchukua takriban sekunde 1.1. Jicho na ubongo wa mlinzi wa tatu, aliyesimama mbali kidogo, huhitaji kama sekunde 0.2 kabla mguu wake haujaanza kusogea. Basi kwa pasi iliyonyooka hubakiwa na sekunde 0.4, na kwa pasi iliyopanda hubakiwa na sekunde 0.9. Akikimbia kwa wastani wa mita 4 kwa sekunde, atafika mita 1.6 katika hali ya kwanza, na mita 3.6 katika hali ya pili. Maana yake ni kwamba mlinzi mmoja aweza kusimama katikati ya wapinzani wawili walioachana kwa mita 7, asimkabe hata mmoja, na bado akamfikia yeyote atakayetupiwa mpira. Wawili wakiwa kwenye mtego, wamebaki walinzi watatu dhidi ya washambuliaji wanne. Upungufu huo wa mtu mmoja hulipwa na ile nusu sekunde ambayo mpira unaelea hewani.

Lakini hesabu hiyo hiyo huwahukumu walinzi wazembe. Wa pili akichelewa kufika mtegoni, mrushaji hupata mwanya wa kupiga pasi iliyonyooka, na wale watatu wa nyuma hujikuta wamesimama mahali ambapo hakuna wanayeweza kumfikia. Hakuna ulinzi unaoaibisha kama huu unapovunjika: wapinzani wawili hukimbilia kikapu kilicholindwa na mtu mmoja. Kwa ajili hiyo ubora wa mtindo huu hupimwa kwa mchezaji mzito kuliko wote wa timu, kwa maana mtego wote huenda kwa mwendo wake.

Mfano mashuhuri ni ule wa timu ya Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, UCLA, ya mwaka 1964. Mwalimu wake, John Wooden, alikuwa amefundisha hapo tangu mwaka 1948 bila kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo. Kwa ushauri wa msaidizi wake, Jerry Norman, alianza kupanga wachezaji wawili mbele, wawili katikati na mmoja nyuma, wakibana uwanja mzima. Katika kikosi kilichoanza hapakuwa na mchezaji aliyezidi mita 1.96. Katika fainali walikutana na Chuo Kikuu cha Duke, kilichokuwa na wachezaji wawili wa mita 2.08. Kabla ya nusu ya kwanza kwisha, UCLA ilifunga pointi 16 mfululizo katika muda usiotimia dakika tatu. Mchezo ukaisha kwa 98 kwa 83, na timu ikamaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja kati ya 30. Mlinzi wa nyuma kabisa, Keith Erickson, alikuwa pia mchezaji wa mpira wa wavu, na mwaka huo huo aliichezea Marekani mchezo huo katika Olimpiki ya Tokyo. Pengine si ajabu: kusoma mpira unaoshuka kutoka juu ndiyo kazi ya mchezaji wa wavu.

Tanzania nayo imetoa mlinzi wa nyuma asiye na kifani. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2008 na 2009 chama cha makocha wa vyuo vya Marekani kilimchagua kuwa mlinzi bora. Alizuia mitupo zaidi ya minne kwa kila mchezo. Mtu wa mita 2.21 akisimama chini ya pete, wenzake huweza kuthubutu kwenda mbele na kukosea, kwa kuwa kosa lao lina wa kulisahihisha. Ila watu wa kimo hicho hawapatikani kwa kutakiwa, na chuo cha kawaida hakina budi kutegemea kitu kingine, nacho ni pumzi.

Hapo ndipo Nkoaranga inapoingia katika mazungumzo. Mji huo mdogo, unaojulikana zaidi kwa hospitali yake ya Kilutheri, uko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Chini yake kuna vyuo vya Tengeru, Patandi na Makumira. Sehemu hizi, kama Jiji la Arusha lenyewe lililo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, zina mgandamizo wa hewa ulio takriban asilimia 85 ya ule wa pwani. Oksijeni ingali sehemu 21 kwa mia ya hewa, lakini kila pumzi huibeba kwa uchache zaidi. Wenyeji hupenda kujisifu kuwa mapafu ya mlimani huishinda timu yoyote ya pwani. Ukweli ni wa kiasi zaidi: katika mwinuko huu upungufu wa nguvu kwa mgeni ni wa asilimia chache tu, na damu ya mwenyeji haiongezeki sana kama ya wakaao juu ya mita 2,000. Nayo timu ya Meru ikishuka Dar es Salaam hukuta hewa nzito yenye oksijeni tele, lakini pia joto na unyevu usioruhusu jasho kukauka mwilini, na faida yote huyeyuka kabla ya robo ya pili.

Asilimia chache hizo, hata hivyo, zina uzito kwa anayebana uwanja mzima. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1995 kwamba mchezaji wa kikapu hubadili namna ya mwendo karibu mara elfu moja katika mchezo, yaani kila baada ya sekunde 2 hivi. Mbio fupi za kasi hutumia akiba ya kreatini fosfeti iliyomo misulini, ambayo humalizika katika sekunde zisizozidi 10 za juhudi kamili. Nusu ya akiba hiyo hurudi kwa muda wa nusu dakika, na iliyobaki huhitaji dakika tatu hadi tano. Na kinachoirudisha ni oksijeni. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliwaonyesha walimwengu huko Christchurch mwaka 1974 jinsi mtu anavyoweza kuwabana wenzake kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho wa mita 1,500, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Lakini Bayi alikimbia kwa mwendo aliouchagua mwenyewe. Mlinzi wa kikapu huchaguliwa mwendo na adui.

Jambo zito zaidi ni damu yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba wanawake wapatao asilimia 45 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Maana yake ni kwamba katika timu ya wasichana 12 wa chuo, mwalimu akiwachukua bila kuwapima, watano huenda wakawa na himoglobini isiyotosha kubeba oksijeni inayotakiwa. Msichana wa namna hiyo hukimbia vizuri dakika tatu za kwanza, kisha hufika mtegoni amechelewa. Moyo humdunda, miguu humwia mizito. Walimu wengi humwita mvivu na kumwongezea mizunguko ya uwanja, adhabu ambayo kwa mwili wa aina hiyo haina tofauti na kumnyang'anya chakula mwenye njaa. Kipimo cha tone la damu kutoka kidoleni hutosha kuonyesha hali ilivyo. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa mwanamke asiye mjamzito ni gramu 12 kwa desilita, nacho hupandishwa kidogo kwa wakaao mahali palipoinuka. Hospitali ipo karibu, na kipimo huchukua dakika chache. Yafaa kifanywe kabla ya zoezi la kwanza, wala si baada ya mchezaji kuanguka.

Mazoezi yenyewe yana hila zake katika nchi ya mlima. Kupanda mteremko kati ya migomba na mikahawa hujenga nguvu ya mapaja bila kuyaumiza. Kushuka kwa kasi ni kinyume chake: msuli hurefuka huku ukizuia uzito wa mwili, nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, na maumivu hufikia kilele baada ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo wachezaji na wapande mbio, washuke kwa kutembea. Na siku tatu kabla ya mchezo wasishuke mbio kabisa.

Siku ya mchezo, hesabu ya mwisho ni ya benchi. Sheria huruhusu wachezaji 12, na timu inayobana uwanja mzima huhitaji angalau tisa au kumi wanaojua mtego kwa usawa. Mwalimu huwatoa wale wa mwanzo katika dakika ya nne, wakati bado wanaongoza na bado wana nguvu, kwa sababu akiba ya misuli iliyopungua nusu hujazwa upesi kuliko iliyokwisha kabisa. Watazamaji waliosimama kando ya uwanja hupiga kelele za kulalamika wanapomwona mfungaji wao hodari akiketi. Naye huketi, hunywa maji, na huhesabu pumzi zake hadi aitwe tena.