Mgonjwa wa Kulishwa kwa Mshipa: Ulizeni na Habari ya Nyongo

Dada yangu ameolewa Iguhu, kule Kakamega. Mavyaa wake amekatwa sehemu ya utumbo, na sasa ni wiki ya tatu analishwa kwa mshipa katika hospitali ya rufaa. Juzi mumewe kanipigia: "Shemeji, daktari ataka kupima nyongo. Nyongo na utumbo vyahusiana wapi?" Swali zuri, na si lake peke yake.

Kwanza tusichanganye mambo. Dripu ya maji ya chumvi au ya glukosi tuliyoizoea si chakula. Kulishwa kwa mshipa ni kutiwa protini, mafuta, sukari, vitamini na madini moja kwa moja kwenye damu. Dk. Stanley Dudrick na wenzake waliithibitisha njia hii Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, wakianza na watoto wa mbwa. Imeokoa roho nyingi.

Tatizo ni kwamba utumbo hubaki hauna kazi. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, na mfuko wa nyongo huiweka. Chakula chenye mafuta kikifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, nao mfuko hujikamua. Sisi tukifunga Ramadhani, magharibi tukifuturu mfuko unajikamua, mambo yakaisha. Huyu wa mshipani hana futari. Nyongo yatuama kama maji ya kisima kisichotekwa, yawa tope, na tope likikaa hugeuka mawe.

Madaktari wa Ufaransa waliwafuatilia wagonjwa 23 wa namna hii, wakachapisha matokeo mwaka 1983. Wiki 3 za mwanzo tope lilikuwa nadra. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 nusu yao walikuwa nalo. Baada ya wiki 6, wote. Waliporudi kula kwa kinywa, tope likaondoka kwa muda wa wiki 4 hivi. Ndiyo maana daktari yule ataka ultrasaundi mapema. Na aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba yumo hatarini zaidi, kwani hapo ndipo chumvi za nyongo hurudishwa mwilini.

Kinga kubwa, basi, ni chakula chenyewe: uji kidogo, maziwa, au chakula cha mpira wa puani, mara tu daktari anaporuhusu. Nasema anaporuhusu. Najua tabia zetu, mtu huficha chupa ya uji ndani ya buibui kwa huruma. Mshono wa utumbo ukiwa haujashika, huruma hiyo yaweza kuua. Muulizeni daktari waziwazi: aanze lini, na kiasi gani?

Ulizeni pia kama chakula cha mshipani chaweza kutolewa kwa saa kadhaa kisha kikapumzishwa, badala ya mchana kutwa na usiku kucha, na kama sukari yake haikuzidi mahitaji. Sindano ya homoni ile imejaribiwa, lakini si matibabu ya kawaida.

Akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, macho yakawa ya manjano, au homa ikapanda bila sababu, mwiteni muuguzi saa ile ile. Mgonjwa aliyedhoofika huenda asilalamike kabisa, ikawa homa tu.