Kushoto kwa Nani? Ufumbuzi wa Maswali ya Mwelekeo na Umbali

Aghalabu mwanafunzi anayekosea swali la mwelekeo na umbali hashindwi na hesabu. Linalomponza ni kuchanganya mifumo miwili ya kutaja upande. Mfumo wa kwanza ni wa dira: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi hazibadiliki, msafiri ageukie kokote. Mfumo wa pili ni wa mwili: kulia na kushoto hufuata uso wa anayetembea. Makala haya yanafafanua namna ya kuhamisha taarifa kutoka mfumo wa mwili kwenda mfumo wa dira kabla ya kukokotoa chochote.

Majina ya Kiswahili yenyewe yanadokeza uthabiti wa dira. Kaskazini na kusini yanahusiana na pepo za kaskazi na kusi. Mashariki na magharibi yana asili ya Kiarabu na yanarejelea macheo na machweo. Upepo na jua havimfuati msafiri anapogeuka.

Uchukuliwe mfano huu. Asha anatoka nyumbani na kutembea kilomita 3 kuelekea kaskazini. Anageuka kulia, anakwenda kilomita 4; anageuka kulia tena, anakwenda kilomita 8; kisha anageuka kushoto na kwenda kilomita 8. Je, yuko umbali gani kutoka nyumbani, na upande gani?

Hatua ya kwanza ni kukipa kila kipande cha safari jina la dira. Anayetazama kaskazini akigeuka kulia huelekea mashariki. Akigeuka kulia tena huelekea kusini. Anayetazama kusini akigeuka kushoto huelekea mashariki. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa kushoto kwa Asha ni kulia kwa msomaji aliyeishika karatasi huku kaskazini ikiwa juu.

Hatua ya pili ni kufupisha safari. Kusini 8 kutoa kaskazini 3 ni kusini 5. Mashariki 4 kujumlisha mashariki 8 ni mashariki 12. Hatua ya tatu ni kutumia kanuni ya Pythagoras, kwa sababu pande hizo mbili zinakutana kwa pembe mraba: 25 + 144 = 169, na kipeuo chake cha pili ni 13. Asha ametembea kilomita 23, lakini yuko kilomita 13 kusini-mashariki mwa nyumbani.

Anayekosea mgeuko wa mwisho hupata magharibi 4 badala ya mashariki 12. Jibu lake huwa takribani kilomita 6.4 kusini-magharibi. Hesabu yake ni sahihi, ila safari aliyoikokotoa si ya Asha.

Maswali ya kivuli hudai uhamisho uleule. Asubuhi jua liko upande wa mashariki, hivyo kivuli huangukia upande wa magharibi; ambaye kivuli chake kiko kulia kwake anatazama kusini. Kanuni hii haifai adhuhuri: Dar es Salaam, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba.

Mwisho, swali lisomwe upya kabla ya kujibiwa. Asha yuko kusini-mashariki mwa nyumbani, lakini nyumbani kuko kaskazini-magharibi mwake. Kinachoamua ni mahali ambapo swali linamsimamisha mtazamaji.