Nyumba uliyoitaka imenunuliwa na mwingine kabla hujauza yako: ufanye nini?

Msimu wa mavuno unapokwisha, simu za wasikilizaji wetu huleta swali linalofanana. Mtu ameona nyumba mjini, ameipenda, na amekubaliana bei na mwenye nyumba. Lakini fedha hana mkononi. Fedha yake imo ndani ya shamba au nyumba yake ya kijijini, ambayo bado haijapata mnunuzi. Wiki tatu baadaye anaambiwa kwamba ile nyumba imeshakwenda, amekuja mtu na fedha taslimu.

Je, mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya hivyo? Kuna njia ya kuishikilia nyumba wakati unatafuta mnunuzi wa mali yako? Katika makala haya tunaeleza hatua kwa hatua. Maelezo yetu yanahusu Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Kwa nini mwenye nyumba hasubiri

Tuanze na upande wa muuzaji. Mara nyingi si mtu mbaya. Anauza kwa sababu ana ada ya mtoto, ana mgonjwa hospitalini, ana deni, au ndugu wanagawana mirathi na kila mmoja anataka chake. Kwake, mnunuzi mwenye fedha leo anamfaa kuliko mnunuzi mwenye ahadi nzuri.

Tena nyumba moja inaweza kuwa mikononi mwa madalali wanne au watano kwa wakati mmoja. Dalali aliyekupeleka wewe hajui mwenzake amempeleka nani. Kila mmoja analipwa mauzo yakikamilika, kwa hiyo hakuna anayekulindia nafasi. Ukisema "nyumba nimeichukua, nisubiri niuze shamba", wao wanaendelea kuionyesha kwa watu wengine.

Neno la mdomo halishiki nyumba

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba makubaliano ya kuuziana haki ya ardhi hayatekelezeki mpaka yawe kwa maandishi, au pawe na kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha masharti yake. Nyumba imesimama juu ya ardhi, hivyo na yenyewe inaingia humo.

Maana yake ni hii: kama mlikubaliana kwa mdomo tu, mkapeana mikono na hata mkanywa chai pamoja, ni vigumu sana kumlazimisha mwenye nyumba akuuzie wewe. Unaweza kumlaumu mtaani, lakini nyumba imekwenda. Kama ulimpa fedha, unayo haki ya kudai fedha yako irudi. Hapo ndipo ushahidi wa malipo unapohitajika.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa nao tusiuelewe vibaya. Unasaidia kuonyesha kwamba mnafahamika na kwamba mlikutana mbele yake. Hauhamishi jina lililo kwenye hati.

Kishika uchumba kiandikwe

Watu wengi hutoa kiasi kidogo ili nyumba isiende, na mitaani tunakiita kishika uchumba. Ni jambo zuri, lakini mara nyingi hutolewa bila karatasi. Baadaye muuzaji anasema ilikuwa sehemu ya bei, dalali anasema ilikuwa ya usumbufu, na mnunuzi anasema ilikuwa ya kumshikia nyumba kwa miezi mitatu. Wote watatu wanakumbuka tofauti.

Karatasi ya kishika uchumba si lazima iwe ndefu. Iwe na mambo haya:

- Majina kamili ya muuzaji na mnunuzi, na namba za vitambulisho vyao.
- Nyumba iko wapi, namba ya kiwanja kama ipo, na majirani wa pande zote.
- Bei yote mliyokubaliana, na kiasi kilichotolewa leo.
- Tarehe ya mwisho ambayo muuzaji atasubiri, na kwamba kabla ya siku hiyo hatamuuzia mtu mwingine.
- Muuzaji akivunja ahadi, atarudisha kiasi gani na ndani ya siku ngapi.
- Mnunuzi asipopata fedha kwa wakati, atarudishiwa yote, nusu, au hatarudishiwa.
- Kama kiasi hicho kitahesabiwa ndani ya bei au la.
- Saini za pande zote mbili, za mashahidi, na ya mke au mume wa muuzaji.

Hiyo saini ya mwenza ina uzito. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Mkisaini na mume peke yake, mke anaweza kuupinga uuzaji huo, na akawa na haki.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwenye ofisi ya Msajili wa Hati ukaombe upekuzi kama nyumba ina hati. Utaambiwa jina la mmiliki na kama nyumba imewekwa rehani benki. Ukishakuwa na mkataba wa maandishi kwa nyumba iliyosajiliwa, muulize wakili kuhusu kuweka zuio kwa Msajili. Zuio hutoa taarifa kwamba kuna mtu mwingine mwenye madai juu ya mali hiyo, ili isihamishwe kimyakimya.

Malipo yapitie benki au kwenye simu, na usifute ujumbe wa muamala. Kama ni taslimu, yahesabiwe mbele ya mashahidi na yaandikwe palepale.

Hesabu ya haraka na hasara yake

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero anataka nyumba Morogoro mjini ya shilingi milioni 35. Shamba lake lina thamani ya shilingi milioni 38. Anatoa shilingi milioni 1 ya kishika uchumba, wanaandikishana siku 60, na wanakubaliana kwamba akishindwa atarudishiwa nusu.

Siku ya 60 inafika, shamba halijauzwa. Amepoteza shilingi laki 5. Inauma, lakini shamba lake bado lipo na msimu ujao atalima.

Sasa tuseme mkulima huyohuyo hana karatasi. Dalali anampigia: "Kuna mteja anakuja kesho na fedha, fanya haraka." Kwa hofu anamuuzia jirani shamba kwa milioni 29, kwa sababu jirani ameshajua kwamba ana haraka. Amepoteza milioni 9 kwa siku moja. Na milioni 29 haitoshi kulipa nyumba ya milioni 35. Hana shamba, na nyumba hawezi kuinunua.

Hili ndilo tunalotaka kila msikilizaji alielewe. Nyumba iliyokuponyoka inaweza kufuatwa na nyingine. Shamba lililouzwa kwa hofu halirudi. Tena maneno "kuna mteja mwingine" yanaweza kuwa ya kweli, na yanaweza kuwa mbinu ya kukuharakisha usikague hati. Matapeli wa viwanja huyatumia sana. Kwa hali zote mbili jibu ni lilelile: karatasi kwanza.

Kuuza kwanza au kununua kwanza?

Kuna njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kuuza yako kwanza. Ukifanya hivi unaingia sokoni na fedha mkononi, na wewe ndiye unakuwa yule mteja wa taslimu ambaye wengine wanamwogopa. Hatari yake ni mbili: kukosa pa kukaa, na fedha kuliwa kidogo kidogo. Ya kwanza unaweza kuipunguza kwa kuandika kwenye mkataba kwamba utakabidhi nyumba baada ya miezi kadhaa, au shamba baada ya kuvuna. Ya pili, weka fedha benki siku hiyohiyo, na familia ikubaliane kwamba haiguswi kwa harusi wala kwa biashara ya ndugu.

Njia ya pili ni kukopa ununue kwanza, kisha uuze yako ulipe mkopo. Riba inaanza kuhesabiwa mara moja, na shamba likichelewa kuuzwa unabaki na mzigo. Benki huwa inataka dhamana, na dhamana hiyo inaweza kuwa nyumba unayoishi. Njia hii inamfaa mtu mwenye kipato kingine cha uhakika.

Njia ya tatu ni kuziunganisha tarehe. Mnunuzi wako alipe siku fulani, na wewe ulipe nyumba yako mpya siku kadhaa baadaye. Acha nafasi ya wiki mbili au zaidi, kwa sababu huenda mnunuzi wako naye anasubiri kuuza ng'ombe au kiwanja chake. Mmoja akichelewa, wote wanachelewa.

Andaa mauzo yako kabla ya kwenda kutafuta

Wengi wanaanza kutafuta nyumba mjini wakati mali yao ya kijijini haiko tayari kuuzwa. Hapo ndipo muda unapopotea.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kumhamishia mtu asiye mkazi wa kijiji haki ya kimila ya ardhi kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Halmashauri hukutana kwa ratiba yake, na mnunuzi makini atataka kuona muhtasari wa kikao. Muulize mtendaji wa kijiji mapema kikao kinachofuata ni lini.

Hakikisha pia mipaka inajulikana na majirani wameithibitisha, mwenza wako amekubali, na kama ardhi ni ya mirathi, msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama. Waulize TRA kuhusu kodi ya faida inayotokana na kuuza ardhi, kwa sababu si fedha yote ya mauzo itabaki kwako. Ipo misamaha kwa baadhi ya nyumba za kuishi na mashamba madogo, hivyo uliza kabla ya kupanga bajeti.

Kama nyumba imeshakwenda

Kwanza, dai kishika uchumba chako kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ukitaja kiasi na tarehe. Usikubali maneno ya "nitakutafutia nyingine" badala ya fedha yako.

Pili, mwachie mwenye nyumba namba yako kwa heshima. Mauzo mengi huvunjika njiani: mkopo unakataliwa, mke anakataa kusaini, au hati inakutwa na tatizo. Aliyeondoka kwa amani ndiye anayepigiwa simu.

Tatu, kama mlikuwa na mkataba wa maandishi na muuzaji akauvunja, tafuta ushauri mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya nyingi na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya inaweza kukuelekeza waliko. Nenda na karatasi zako zote na ujumbe wa miamala.

Na kabla ya kuikimbilia nyumba nyingine, kaeni tena kama familia, mhesabu upya fedha, muda na karatasi zilizopo.